Nguzo za Ua na Kigawo Kikubwa cha Shirika

Leo twataka kuzungumza juu ya hesabu ambayo wengi walijifunza shuleni, kisha wakaiacha huko huko pamoja na ubao na chaki.

Mtu ana shamba la mihogo. Upande mrefu ni futi 221, upande mfupi futi 143. Ataka kulizungushia seng'enge, kwani mbuzi wa jirani hawana heshima. Nguzo zahitaji fedha. Basi ataka ziwe chache, nafasi zilingane pande zote, na kila pembe ipate nguzo yake. Akikisia futi 10, upande mrefu utabakisha futi 1, na ule mfupi futi 3. Hapo hana budi kuongeza nguzo zisizo na kazi, au kuacha nafasi moja pana kupita nyingine, na mbuzi wataijua kabla yake.

Yampasa kutafuta kipimo kikubwa kuliko vyote, kiwezacho kupima pande zote mbili bila kubakisha kitu. Hicho ndicho kigawo kikubwa cha shirika. Shuleni hufundishwa kutafuta kwanza vigawo vya kila hesabu. Lakini ni nani aonaye upesi vigawo vya 221? Iko njia nyepesi, nayo ni ya kale sana. Euclid, aliyefundisha Iskanderia katika nchi ya Misri yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliieleza katika kitabu cha saba cha maandiko yake ya hesabu.

Toa ndogo katika kubwa. 221 toa 143, yabaki 78. 143 toa 78, yabaki 65. 78 toa 65, yabaki 13. Tena 65 yagawanyika kwa 13 mara 5 kamili. Basi jibu ni 13.

Kwa nini? Kipimo kipimacho pande mbili kamili, lazima kipime na tofauti yao. Kwa hiyo kila tutoapo, hesabu hupungua, bali kipimo tukitafutacho hakipotei.

Upande mrefu utakuwa na nafasi 17, na mfupi nafasi 11. Nguzo zote ni 56. Waya ukilegea, ongeza kijiti katikati ya kila nafasi.

Hata asiyejua kuandika aweza kufanya hayo kwa kamba mbili zenye urefu wa pande zile. Ailaze fupi juu ya ndefu, akate ziada. Ziada hiyo ailinganishe na ile fupi, akate tena, mpaka vipande viwili vya mwisho vilingane. Lakini achague siku kavu, maana kamba ya katani ikilowa hunywea.

Lau upande mfupi ungekuwa futi 144, tungetoa na kutoa hata tufike 1, yaani nguzo kila futi, jumla 730! Mwenye shamba asiogope. Na asogeze ua futi moja ndani, upande urudi 143, na nguzo zirudi 56.