Basi la Likasi Litaondoka Saa Ngapi?

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi za lami, mwendo ambao abiria mzima huuona mfupi. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huutaja kwa herufi mbili tu, SS, taabu huanza kabla basi halijang'oka. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai baridi yake huuma. Baridi hubana mishipa ya damu. Mwili ukipungukiwa maji, chembe nyekundu hujikunja kama mundu na kukwama njiani, na hapo maumivu ya mifupa hulipuka. Sasa basi linasubiri kujaa, naye ameketi kwenye baridi. Kwa kuwa hajui kama shofere atasimama penye choo, ameacha kunywa maji tangu jana usiku. Amejinyima kinga yake ya kwanza ili asiaibike mbele za watu.

Usonji ni hali tofauti kabisa, ila unakwama palepale. Mtoto mwenye usonji huelemewa na honi, muziki wa juu na kubanwa na watu asiowajua, na mpango ukigeuka ghafla huweza kumvuruga kuliko kelele zote hizo. Mzazi anaweza kumwonyesha picha za safari hatua kwa hatua, akamfunika masikio, akamketisha dirishani. Lakini atamwandaaje kwa saa ambayo hakuna anayeijua? Mwenye kifafa naye akikosa usingizi au akiruka dozi anakaribisha degedege, hivyo dawa hukaa mkononi, kamwe si kwenye mzigo uliofungwa juu ya paa. Kwa wote hawa, naamini nafuu kubwa ya safari ni kuambiwa ukweli mapema: tunaondoka lini, tunasimama wapi.

Shofere atajibu kwamba tajiri anangoja hesabu yake jioni, na basi tupu ni hasara. Ni kweli, wala simtaki aondoke tupu. Kutaja saa ya kweli na kituo chenye choo hakupunguzi abiria hata mmoja. Mjamzito na mzee watafaidi pia. Wengine huhofia kwamba wenye ugonjwa usioonekana wakipewa kiti cha mbele, wajanja nao watausingizia. Uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza mwaka 2016 kutoa utepe wa alizeti kwa wenye ulemavu usioonekana, bila kuwadai maelezo ya ugonjwa wao. Mjanja mmoja akipata kiti cha mbele, hasara ni ndogo kuliko mgonjwa kuzidiwa njiani. Wapo pia wanaosema mgonjwa abaki nyumbani. Abaki vipi, ilhali hospitali ya Sendwe, kliniki za chuo kikuu na kituo cha magonjwa ya akili na neva cha Dr Joseph Guislain viko Lubumbashi, na wanaovihitaji wanatoka pia Likasi na Kasumbalesa? Congo ina sheria ya Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Kwenye vituo vya mabasi, utekelezaji wake unaweza kuanza na ubao ulioandikwa kwa chaki: saa ya kuondoka, mahali pa kusimama, na choo kilipo.