Maneno Mawili ya Sheria Yaliyobeba Kifo

Aliyewahi kuweka shamba rehani kwa hati ya Kiingereza ametia saini kwenye neno lenye maiti ndani yake. "Mortgage" ni Kifaransa cha kale: "mort" ni mfu, "gage" ni rehani. Lilifika Uingereza na Wanormani, walioiteka nchi hiyo mwaka 1066, na Kifaransa chao kikawa lugha ya mabwana, kisha ya mahakama.

Aliyekufa ni nani? Thomas Littleton, mwanasheria wa karne ya 15, alieleza hivi: mdaiwa asipolipa siku iliyopangwa, shamba limekufa kwake, halirudi tena; akilipa, rehani imekufa kwa mdai, hana tena cha kushika. Na siku ilikuwa siku. Aliyezuiwa na mafuriko au maradhi alipoteza shamba zima, hata kama deni lilikuwa dogo. Kufikia karne ya 17 Mahakama ya Chansela ilikuwa imeulegeza ukali huo: mdaiwa aliweza kurudishiwa shamba hata siku ikiwa imepita, mradi alipe deni na riba. Sisi husema "kukomboa rehani", na kwa maoni yangu Kiswahili hapo kinaieleza sheria ya leo vizuri kuliko neno la Kiingereza lenyewe.

Neno la pili halitumiki tena, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Ni "deodand", kutoka Kilatini "Deo dandum", kitu cha kutolewa kwa Mungu. Tuseme ni mwaka 1300, katika kijiji cha Uingereza. Mkokoteni umepinduka na kumuua mtoto. Anakuja mchunguzi wa vifo wa mfalme, anakusanya baraza la watu wa hapo, anawauliza: kilichoua ni nini, na kina thamani gani? Wakishataja, mkokoteni au thamani yake inakwenda kwa mfalme, itumike kwa sadaka. Kisu, farasi, mti ulioanguka, vyote viliweza kutwaliwa hivyo, hata kama mwenyewe hakuwa na kosa lolote.

Kulikuwa na hesabu yake pia. William Blackstone, katika vitabu vyake vya sheria vya miaka ya 1765 hadi 1769, anaeleza kwamba mtu akifa kwa kuanguka akipanda gurudumu la gari lililosimama, hutwaliwa gurudumu peke yake. Gari likiwa mwendoni, hutwaliwa lote na mzigo wake, kwa kuwa vyote vilivyokuwa vikienda vimeongeza uzito wa pigo.

Na familia ya marehemu? Haikupata kitu. Mwaka 1808, katika kesi ya Baker na Bolton, mume alidai fidia baada ya mkewe kufa kutokana na ajali ya gari la abiria la farasi. Jaji, Lord Ellenborough, aliruhusu alipwe fidia ya majeraha yake mwenyewe, na ya kumkosa mkewe hadi dakika ile alipokata roho. Baada ya hapo, hakuna. Kifo cha mtu hakikuwa jambo la kudaiwa katika mahakama ya madai. Maana yake, aliyemvunja mtu mguu alilipa, aliyemuua kwa uzembe hakuwalipa wafiwa. Sioni namna ya kuitetea kanuni hiyo.

Reli ndiyo iliyoiumbua. Tarehe 24 Desemba 1841, karibu na Reading, treni ya Great Western Railway iliparamia udongo ulioporomoka relini katika mkato wa Sonning. Abiria wa daraja la tatu walikuwa kwenye mabehewa ya wazi yenye kingo fupi, wakarushwa nje. Wanane walikufa papo hapo, wa tisa baadaye. Baraza la uchunguzi likaipangia injini na mabehewa yake deodand ya pauni 1,000, fedha ambazo kwa sheria hazikuwa za wajane wala mayatima.

Mwaka 1846 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mbili. Moja iliifuta deodand. Nyingine, iliyosukumwa na Lord Campbell, iliwapa jamaa wa marehemu haki ya kumdai aliyesababisha kifo.

Hiyo ya pili imefika kwetu. Sheria ya ajali zenye vifo ya Kenya, Sura ya 32, na ya Tanzania, Sura ya 310, zimetoka katika shina hilo. Mjane wa abiria wa matatu anayefungua kesi leo anadai riziki aliyokuwa akiletewa na mumewe, na gari lililoua halikabidhiwi mfalme yeyote.

Kwa msomaji wa Kenya: madai haya ni kwa ajili ya mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu, na kesi inatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Ihesabuni tangu siku ya kifo, si tangu siku mlipoanua tanga.