Shujaa Tunayemwona Akishinda Tu

Tangu mbio za magari za Safari Rally zirejee kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, mashabiki kutoka Nakuru, Gilgil na kwingineko hufurika Naivasha, wakivumilia vumbi kutwa nzima ili wamwone dereva nyota kama Sébastien Ogier akipita kwa sekunde chache. Si upuuzi. Mwaka 2001 watafiti Joseph Henrich na Francisco Gil-White walieleza kwamba binadamu hujifunza kwa kumwandama aliyefaulu. Kwa kuwa ni vigumu kujua ni lipi hasa lililomfikisha alipo, tunamwiga mzimamzima, kuanzia kazi hadi mavazi na mwendo. Zamani hasara ilikuwa ndogo, maana mkulima hodari alikuwa jirani: watu walimwona akirauka shambani, akikosea, akijirekebisha.

Redio, runinga na simu zimetuletea shujaa bila jasho lake. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi mtazamaji anavyojenga urafiki wa upande mmoja: anahisi anamfahamu mtu ambaye hata hajui kwamba yeye yupo. Kombe, gari na jumba vinaonekana. Miaka ya mazoezi, madeni na kushindwa havionekani. Kijana wa Njoro akijipima kwa picha hiyo, huona maisha yamemwacha nyuma, na kinachobaki cha kuiga ni matumizi ya fedha ambazo hana.

Kustahi kwa karibu huzaa matunda tofauti. Kule Nandi, kaskazini mwa Bonde la Ufa, mwanariadha Eliud Kipchoge alikulia karibu na Patrick Sang, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Kipchoge hakuishia kumshangilia. Alimwomba ratiba ya mazoezi, akaifuata, kisha akarudi kuomba nyingine. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000.

Wako watakaosema kwamba ushabiki ni burudani tu. Kwa wengi ni kweli: kipimo cha ushabiki kilichochapishwa na Lynn McCutcheon na wenzake mwaka 2002 kinaweka burudani na gumzo la marafiki kwenye ngazi za chini. Lakini zipo ngazi za juu, ambako nyota hutawala fikira za mtu, na tafiti zilizofuata zimezihusisha na wasiwasi na huzuni. Wengine watauliza: asiye na bingwa jirani afanyeje? Simu hiyohiyo inaweza kumwonyesha mazoezi ya nyota badala ya karamu zake, na fundi stadi, muuguzi au mwalimu wa mtaani naye ni bingwa anayeweza kuulizwa maswali.

Kwa hiyo wazazi na walimu wasiwanyang'anye vijana mashujaa wao. Wawaulize swali moja: huyu unayempenda, unajua anafanya kazi gani siku ambayo hakuna anayemtazama? Kijana asiyejua, asaidiwe kutafuta jibu kabla hajaanza kuiga.