Vitu vya Kale Vilivyotengenezwa Juzi

Katika nyumba za makumbusho tumezoea kuona vitu vilivyoliwa na wakati: chungu kilichopasuka, upanga wenye kutu, sanamu isiyo na pua. Hatushangai, kwa kuwa twajua vimekaa ardhini miaka mingi. Lakini ungeonaje kama karibu na chungu hicho ungekuta kamera, au simu, au kanda ya muziki, nayo imemomonyoka vivyo hivyo, kona zimebomoka na ndani yake mna fuwele zinazong'aa? Mimi nilipoona picha ya kitu kama hicho mara ya kwanza, nilidhani mtu ameokota mabaki ya nyumba iliyoungua. Kumbe si mabaki ya kitu cho chote. Ni sanamu, na watu huzinunua kwa fedha nyingi.

Mtengenezaji wake ni Daniel Arsham wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1980 katika mji wa Cleveland, akakulia Miami, mji wa pwani unaopatwa na tufani. Mwaka 1992, alipokuwa mtoto, tufani iliyoitwa Andrew iliharibu nyumba yao. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Kisiwa cha Pasaka, mbali sana katika Bahari ya Pasifiki, akawatazama wataalamu wakichimbua vitu vya kale. Shimoni walikuta vyombo vya kazi vilivyoachwa na wachimbaji waliowatangulia. Yaani chombo cha mchimbaji nacho kimegeuka kuwa kitu cha kuchimbuliwa! Hapo akajiuliza: watu watakaochimba mahali petu baada ya miaka elfu moja watapata nini? Bila shaka watapata simu zetu.

Hachongi kamera kwa patasi. Huchukua kamera ya kweli na kuifanyia kalibu ya mpira. Ndani ya kalibu hushindilia majivu ya volkeno, au mawe yaliyosagwa, au unga wa vioo, pamoja na plasta ya kushikanisha. Ikikauka, hutoka ikiwa na kila kitufe mahali pake, ila hapa na pale pana mashimo kama yaliyoliwa, na mashimoni mna fuwele. Ujanja uko hapo. Fuwele ni kitu kinachokua. Basi mtazamaji hawezi kusema kwa hakika kama kamera ile inabomoka au ndiyo kwanza inaumbika. (Arsham haoni rangi zote sawasawa, na kwa muda mrefu kazi zake karibu zote zilikuwa nyeupe, kijivu au nyeusi.) Mwaka 2018 alionyesha New York hata motokaa nzima zilizomomonyoka.

Sasa nije kwa wanunuzi. Sanamu nyingine ni moja tu duniani. Nyingine hutolewa nakala nyingi, hata mamia, kila moja na namba yake, sanduku lake na cheti. Mkusanyaji mwenye akili hatupi sanduku wala cheti, kwani bila hivyo ni vigumu kumsadikisha mtu kwamba kitu chake si cha kuigiza.

Wako wasemao kwamba kuuza kitu kipya kilichozeeshwa ni ulaghai. Mimi sikubali. Mlaghai ni yule afukizaye chungu kipya moshi, akakizika, kisha akakiuza kuwa ni cha mababu. Simu ya Arsham haimdanganyi mtu ye yote, maana hata mtoto ajua kwamba miaka elfu iliyopita hapakuwa na simu. Tena ainunuaye hafukui kaburi la mtu. Biashara ya vitu vya kale vya kweli imeleta wizi mwingi, hata ikabidi mataifa yafanye mapatano katika UNESCO mwaka 1970 ili kuuzuia.

Walakini kuna taabu ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii. Mtu amelipia uharibifu wa kuigiza, kisha analazimika kupigana na uharibifu wa kweli. Fuwele za jasi ni laini, hata ukucha huzikwaruza, na maji huziyeyusha kidogo kidogo. Pairiti, lile jiwe la manjano lifananalo na dhahabu, likipata unyevu laweza kupasuka na kuwa unga, huku likitoa asidi inayokula vitu vya jirani. Watunzaji wa makumbusho waujua sana ugonjwa huo. Plasta nayo hunywa unyevu wa hewa. Kwa hiyo kamera iliyotengenezwa ionekane kama imekaa ardhini miaka elfu huwekwa ndani ya kioo, mbali na dirisha, wala haiguswi kwa mkono mtupu.

Liko na jambo gumu zaidi. Kona ikivunjika, nani atajua kama ilitoka kwa Arsham hivyo, au iliangushwa Jumamosi wakati wa kufagia? Katika chungu kizima ufa mpya huonekana mara moja. Katika sanamu iliyozaliwa na nyufa hauonekani. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu huipiga picha pande zote, chini pia, siku ile ile inapotoka sandukuni, kabla haijawekwa mezani. Na kipande kikidondoka, hata kidogo kama punje ya mchele, hukitia katika bahasha na kuandika tarehe, ili fundi apate kukirudisha mahali pake.