Jenerali aliyemwimbia Anne

JE, mzazi mwenzangu, umewahi kumficha mtoto chumbani kwa sababu wageni wamebisha hodi? Usikasirike na swali hili. Hapa kwetu kuna maboma ambamo mtoto mwenye ulemavu wa akili hajaonwa na majirani tangu azaliwe. Mama naye ameacha kwenda kanisani ama msikitini, maana amechoka kusikia habari za laana.

Basi leo nikupe kisa cha familia ya mtu unayemjua kutoka vitabu vya historia, Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa.

Januari 1, 1928, mkewe, Yvonne, alijifungua kitindamimba wao, Anne. Mtoto alikuwa na hali iitwayo Down. Siku hizo familia zenye uwezo ziliwapeleka watoto kama hao kwenye taasisi, wakasahauliwa huko. Yvonne alikataa katakata. Anne angelelewa nyumbani pamoja na kaka na dada yake. Mwaka 1934 walinunua nyumba katika kijiji cha Colombey, mtoto apate utulivu. Vita vilipochacha mwaka 1940, mama alivuka bahari naye hadi Uingereza.

Baba mtu, msomaji, alikuwa mrefu kama mlingoti, mkavu, asiyezoeleka hata na maafisa wake. Lakini kwa Anne alipiga magoti, akaimba, akacheza ngoma na kumpigia makofi! Alikuwa Mkatoliki wa dhati, na alimweleza kasisi mmoja wa jeshi kwamba mtoto yule alikuwa jaribu na neema pia, kwani alimwonyesha udogo wa heshima za dunia.

Sidhani imani hiyo ilikuja kwa siku moja. Ni nani asiyelia usiku, akimuuliza Mungu, "Kwa nini mimi?"

Baada ya vita walianzisha makao ya wasichana wenye ulemavu wa akili, yenye jina la Anne. Naye alifariki Februari 1948 kwa nimonia, mikononi mwa babake, akiwa na miaka 20. De Gaulle alipofariki mwaka 1970 alizikwa kando yake.

Anne hakuishi hadi mwaka 1959, madaktari wa Paris walipotangaza chanzo cha hali hiyo: kromosomu 47 badala ya 46. Si uchawi, wala si dhambi ya mama.

Kwa hivyo, mama, kesho ni Jumatatu. Mfunge mwanao mgongoni mwende hospitali. Mwombe daktari amchunguze moyo, kwani karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Kisha uliza kiliko kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Nchini Kenya vituo hivyo vilianza mwaka 1984. Mkipita sokoni, usimfunike uso.