Dayodi ni barabara ya Seneto

Aliyewahi kushuka kreta ya Ngorongoro anajua utaratibu: barabara ya Seneto ni ya kushuka tu, ya Lerai ni ya kupanda tu. Ile ya upande wa Sopa inapitika kote kote. Waya wa shaba ni kama Sopa, umeme unakwenda na kurudi. Dayodi ni Seneto.

Ila Seneto kuna sheria na kibao. Ndani ya dayodi nani anazuia? Hapo ndipo wengi wetu tuliachwa kidato cha nne: tulikariri mshale na kamstari kake, mtihani ukapita.

Tuanze na silikoni, iliyojaa kwenye mchanga. Atomi yake ina elektroni 4 za nje, zote zimeshikana mikono na majirani, kwa hiyo ikiwa safi inapitisha umeme kidogo mno. Viwandani huitia uchafu kwa makusudi. Wakitia fosforasi (ndiyo, ileile ya mbolea ya Minjingu), yenye elektroni 5 za nje, moja inakosa wa kumshika mkono, inazurura. Huo ni upande wa N. Wakitia boroni, yenye 3, panabaki nafasi tupu, yaani tundu. Huo ni upande wa P.

Pande hizo zikikutana, elektroni za mpakani huvuka kujaza matundu. N inabaki na chaji chanya pale mpakani, P inapata chaji hasi, na hiyo hasi inazirudisha nyuma elektroni zinazotaka kufuata. Ukuta umejijenga wenyewe! Kwenye silikoni, kuuvuka kunahitaji kama volti 0.7. Unga chanya ya betri upande wa P, ukuta unapungua, umeme unapita. Geuza, ukuta unanenepa.

Sasa nenda kwenye boma la Ngorongoro au kitongoji cha Karatu ambako nguzo za umeme hazijafika, na taa ya kusomea ni ya sola. Mchana paneli inaisukumia betri umeme. Usiku paneli imelala, betri ndiyo yenye nguvu. Zikiwa zimeungwa moja kwa moja, chaji inavuja taratibu kurudi kwenye paneli. Dayodi moja kwenye waya inaziba njia hiyo. Kontrola nzuri huifanya kazi hiyo yenyewe, lakini si kila nyumba inayo. Kwa maoni yangu, mwalimu wa fizikia atakayepangiwa huko aanzie hapo: awaulize wanafunzi betri inafanya nini usiku, alama ya ubaoni ije baadaye.

Kumbe hata paneli yenyewe ni dayodi pana. Mwanga unabandua elektroni, na ukuta uleule unaisukuma upande mmoja. Taa ya LED ni kinyume: elektroni inatumbukia kwenye tundu, mwanga unatoka.

Na wanaoilalamikia baridi ya kule juu wajue hili: paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Ukungu ukiondoka, kwa jua lilelile, paneli iliyo ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, inaishinda ya Dar es Salaam inayochemka juu ya bati.