Kitambi Kimekwisha, Ngozi Imebaki

Jioni moja baada ya zamu, koplo mmoja wa polisi alitupokea nyumbani kwake katika kambi ya Nsambya, hapa Kampala, akatuonyesha suruali yake ya kazi ya zamani. Kwa ombi lake hatutamtaja jina. Tulipoikunjua suruali ile tuliona kwamba watu wawili wangeweza kuingia ndani yake bila ya kusukumana. Alipokuwa akiivaa alikuwa na uzito wa kilo 131. Siku tuliyomtembelea alikuwa na kilo 82. Hakumeza dawa ya kukondesha wala hakupunguzwa tumbo la chakula kwa kisu. Daktari alimwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari, naye akashikwa na hofu. Aliacha bia, akapunguza posho, akaacha nyama choma za usiku, akaacha na kupanda bodaboda. Kwa muda wa miaka miwili alikwenda kazini kwa miguu, akipanda na kushuka vilima vya mji huu.

Sisi tulitegemea kumkuta mtu mwenye furaha tele. Kumbe furaha yake ilikuwa na doa. Mafuta yaliondoka, lakini ngozi iliyokuwa imeyabeba haikuondoka pamoja nayo. Ilining'inia tumboni mithili ya gunia tupu, ikafunika kinena, na kila alipokimbia ilipigapiga mapajani. Chini ya mkunjo ule jasho halikukauka, fangasi waliota, na mkanda wa kazi, wenye kirungu na pingu, uliichuna ngozi hadi ikatoka damu.

Jambo hili si la koplo huyu peke yake, nalo si uzembe. Ngozi ya binadamu ina nyuzinyuzi zinazoiwezesha kuvutika na kurudi. Ikivutwa kwa miaka mingi, nyuzinyuzi hizo hudhoofika na nyingine hukatika, mfano wa mpira wa soksi uliochoka. Aliyepunguza kilo tano au kumi, hasa akiwa kijana, ngozi yake huweza kurudi yenyewe. Aliyepunguza kilo arobaini au hamsini hawezi kuirudisha kwa mazoezi, hata akipiga pushapu kutoka alfajiri hadi adhuhuri. Mazoezi hujenga misuli iliyo chini. Ngozi iliyozidi haina dawa ila kukatwa.

Lakini kabla ya kisu, koplo alikuwa na mzigo mwingine, nao twaona ni lazima tuueleze kwa sababu ndio uliomponza. Katika nchi yetu mtu mnene akikonda hapewi pongezi upesi. Wazee wanaikumbuka miaka ya themanini, pale maradhi yaliyowakausha watu wa Rakai na Masaka yalipopewa jina la silimu, na madaktari wakayaeleza kwa ulimwengu mwaka 1985 kwa jina hilo hilo. Leo zipo dawa za kuvidhibiti virusi vya UKIMWI, na mwenye kuzitumia vema huishi na kunenepa kama jirani yake. Hata hivyo mnong'ono haukufa. Kambini walianza kumtazama koplo kwa jicho la pembeni, wengine wakimpa pole kabla ya msiba. Kwa hiyo alipoamua kwenda kupasuliwa, alifanya siri. Hakuomba ruhusa ya ugonjwa. Alichukua likizo yake ya mwaka, siku thelathini, akamwambia mkubwa wake kwamba anakwenda kijijini kuvuna.

Upasuaji wenyewe ni wa tawi linaloitwa upasuaji wa plastiki. Wengi hudhani jina hilo latokana na plastiki ya madumu na mabeseni yanayouzwa Owino. Sivyo. Ni neno la Kiyunani lenye maana ya kufinyanga, nalo lilitumika kwa upasuaji kabla ya dumu la kwanza kutengenezwa. Ni kazi ya kuufinyanga mwili upya. Na askari wetu wafahamu kwamba kazi hii, kwa sehemu kubwa, ilikuzwa kwa ajili ya watu wa kazi yao. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia daktari Harold Gillies aliwashona upya, katika hospitali ya Sidcup nchini Uingereza, maelfu ya askari waliovunjwa nyuso kwa mizinga na risasi. Katika vita ya pili ndugu yake, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika ndege zao huko East Grinstead. McIndoe aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, akaanza kuwaosha majeraha yao kwa maji ya chumvi. Watu wake walianzisha chama chao mwaka 1941, wakajiita nguruwe wa majaribio, kwani waliona wamefanyiwa mengi ambayo hayakuwahi kufanywa. Huyo McIndoe, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, wote wapasuaji wa tawi hilo, ndio waliowaza habari ya madaktari wanaoruka kwa ndege katika Afrika ya Mashariki, na shirika la AMREF likazaliwa Nairobi mwaka 1957.

Hapa kwetu, wapasuaji wa aina hii ni wachache, na siku zao hujazwa na watu wa moto. Ukifika hospitali ya Kiruddu, katika tarafa ya Makindye, ambako wagonjwa wa kuungua hupelekwa, utaona watoto waliomwagikiwa maji ya moto, watu waliounguzwa na petroli, na wengine waliomwagiwa asidi na maadui zao. Huko Kisubi, katika barabara ya Entebbe, hospitali ya CoRSU, iliyofunguliwa mwaka 2009, hutengeneza midomo ya watoto waliozaliwa na mpasuko na viungo vilivyopinda. Mbele ya foleni kama hiyo, mwenye ngozi ya tumbo huona haya kusimama. Wengi huishia katika hospitali za kulipia, na baadhi yao, kwa kutafuta bei nafuu, huangukia mikononi mwa watu wasio na ujuzi huo. Twasema waziwazi: muulize daktari yule kama amesajiliwa na baraza la madaktari kuwa mpasuaji bingwa wa tawi hilo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Bingwa wa kweli naye atakuwa na maswali yake. Atataka kujua kama uzito wako umetulia kwa muda wa miezi sita au zaidi, kwani anayeendelea kukonda atapata mkunjo mpya, na atakayenenepa tena atauvuta mshono. Atapima sukari na damu. Aliyekonda haraka, au aliyepunguzwa tumbo la chakula, mara nyingi huwa amepungukiwa na madini ya chuma na vyakula vya kujenga mwili, na jeraha halijengeki kwa hewa. Maharage, mayai, njugu na mukene wa ziwani ni sehemu ya matibabu sawa na uzi wa kushonea. Tena atauliza kama wavuta sigara. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokatwa na kuvutwa huishi kwa mishipa hiyo hiyo iliyosalia. Wapasuaji wengi huagiza sigara iachwe walau wiki nne kabla ya kisu na wiki nne baadaye.

Koplo wetu aliacha kwa wiki mbili. Siku ya tatu baada ya upasuaji alivuta mbili nyuma ya nyumba ya dada yake.

Kwa nusukaputi mgonjwa hulala asijue kitu. Mpasuaji hukata kutoka nyonga hadi nyonga, chini kabisa ya tumbo, huinua ngozi hadi karibu na mbavu, hukaza misuli iliyolegea, huvuta ngozi chini, hukata iliyozidi, hutengeneza mahali pa kitovu, kisha hushona kwa tabaka. Kwa sababu ngozi imetenganishwa na nyama, pamebaki nafasi, na mwili hupenda kuijaza nafasi kwa majimaji. Ndiyo maana huwekwa mirija ya kuyatoa, na mgonjwa huvishwa vazi la kubana. Siku za mwanzo hulala ameinua kichwa na kukunja magoti, na hutembea ameinama kama mzee. Kusimama mguu sawa hakuwezekani, wala asijaribu.

Watu hutazama jeraha kwa nje, wakiona limefumba husema limepona. Hapo ndipo kosa lilipo. Katika siku chache za mwanzo mwili unasafisha tu, na ndiyo maana mahali hapo huvimba na kuwa na joto. Kisha huanza kusuka nyuzi mpya. Baada ya wiki moja mshono una nguvu ndogo mno, wala haifiki hata sehemu moja katika kumi ya ngozi nzima. Nyuzi za daktari ndizo zinazoushikilia. Baada ya wiki tatu una kiasi cha theluthi hivi. Baada ya miezi mitatu hukaribia sehemu nane katika kumi, na hapo hukoma. Kovu halipati kamwe nguvu zote za ngozi aliyozaliwa nayo mtu. Kazi ya kulinyoosha na kulififisha kovu huendelea kwa mwaka mzima na zaidi. Kwa hesabu hiyo msomaji ataona kwa nini madaktari hukataza kubeba vitu vizito kwa wiki sita hivi. Dumu la maji la lita ishirini ni kilo ishirini. Bunduki, risasi, kofia ya chuma na vazi la kuzuia risasi, tuzihesabu wenyewe.

Mirija ya koplo ilitolewa baada ya wiki moja. Wiki ya pili alihisi kitu kikichezacheza chini ya kitovu, kama maji katika kiriba. Hiyo ndiyo tatizo linalotokea mara nyingi kuliko mengine katika upasuaji huu, na mara nyingi tiba yake ni nyepesi: daktari huyavuta maji kwa sindano, pengine mara kadhaa, kwa usafi. Koplo hakurudi hospitalini. Nauli ilikuwepo, aliogopa kuonekana. Siku ya thelathini likizo iliisha, akavaa sare, akafunga mkanda, na orodha ya zamu ikampangia lori la doria. Alipanda na kushuka kwa siku mbili. Siku ya tatu, aliporuka kutoka lorini, alihisi joto likimtiririka mapajani. Alidhani ni mkojo. Mshono ulikuwa umeachia kwa upana wa kiganja, na ngozi ya katikati, ambako damu hufika kwa shida, ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Alipelekwa kwa aliyempasua, akasafishwa jeraha, nyama iliyokufa ikaondolewa. Halikushonwa tena siku hiyo. Liliachwa wazi lijae lenyewe kutoka chini, likifungwa bendeji mpya kila siku. Wenzake walioambiwa kwamba yuko kijijini wakavuna waliyoyataka kuvuna katika maneno. Alikaa nje ya kazi kwa zaidi ya miezi miwili, muda ambao angeupata kihalali tangu mwanzo kwa cheti cha daktari, wala siri yake isingelijulikana na mtu zaidi ya wale waliopaswa kuijua.

Hata hivyo koplo alikuwa na bahati. Hatari inayoua katika upasuaji huu haionekani kwenye mshono. Damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu, na donge likakatika na kupanda hadi mapafuni. Kwa hiyo manesi humnyanyua mgonjwa atembee siku ile ile au kesho yake, ingawa analalamika, na wengine huchomwa sindano za kuzuia damu isigande. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au pumzi ikakatika ghafla, au kifua kikachoma, usingoje kuche. Hali kadhalika homa, usaha, harufu mbaya, ngozi inayogeuka rangi, au tumbo linalofura kwa upande mmoja katika saa za mwanzo, kwani huenda damu inavuja ndani. Na mtu asithubutu kupaka jeraha majivu, dawa ya meno au majani ya kuchemsha, hata akiletewa na shangazi yake ampendaye. Pepopunda haijui undugu.

Kuna na jambo la kovu. Sisi watu weusi hupatwa zaidi na makovu yanayovimba na kukua kupita mipaka ya jeraha, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Mwenye kovu la namna hiyo, hata kama ni la chanjo au la kutoga sikio, amwonyeshe daktari kabla ya kukubali kisu. Kovu la tumbo hukaa hasa pale mkanda wa kazi unapokaa. Hili ni jambo ambalo daktari wa raia huenda asilifikirie asipoambiwa, nalo hufaa kusemwa siku ya kwanza, ikiwezekana kwa kwenda na mkanda wenyewe.

Tulipomuaga koplo alikuwa akipiga pasi sare ya kesho. Alituonyesha kipande cha flaneli alichokishona kwa mkono wake upande wa ndani wa mkanda. Kovu lake ni pana na limepinda upande wa kushoto, na kitovu hakiko katikati sawasawa. Sukari yake imetulia. Sigara hatukuiona, nasi hatukuuliza. Kazini amepangiwa dawati la mapokezi hadi daktari atakapoandika vingine, na anasema kwamba askari wawili wanene wamekwisha kumfuata kwa wakati tofauti, kila mmoja akijifanya ana habari nyingine ya kumuuliza.